Treni Imefika, Ndege Bado

Mdogo wangu aliikosa ndege ya Maskati kwa dakika 12, na treni haikuwa na kosa. Ilitoka Dodoma kwa wakati, ikafika Dar es Salaam kwa wakati, tukateremka sote wawili tukiwa na furaha kwamba kilomita zaidi ya 440 tumezimaliza kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Kilichomkosesha ndege ni zile kilomita zisizozidi 12 za kutoka Stesheni hadi uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Ilikuwa Ijumaa jioni ya masika, mwezi wa Aprili mwaka 2025. Teksi iliganda kwenye barabara ya Nyerere kabla hatujafika TAZARA, mvua inapiga paa, na mdogo wangu kapakata mfuko wa mlenda mkavu na ubuyu wa Dodoma aliokuwa anawapelekea wenzake kazini. Tulipofika, kaunta ilikuwa imeshafungwa. Binti aliyekuwa pale alitupa pole, akasema hana la kufanya.

Tiketi mpya, ya Jumatatu, ilikula akiba ya mdogo wangu yote na sehemu ya pensheni yangu. Usiku ule hakulala. Mwajiri wake alikuwa anamsubiri kazini Jumamosi.

Nimefundisha jiografia sekondari kwa miaka 31. Nimewachorea watoto wa watu mito na milima ya mabara yote, halafu nikashindwa kumvusha ndugu yangu wa tumbo moja kutoka kituo cha treni hadi uwanja wa ndege ndani ya mji mmoja. Liliniuma. Jumamosi ile, mdogo wangu akiwa amejifunika shuka kwa shangazi yetu Ilala, mimi nilichukua saa yangu na daftari nikaenda kusimama Stesheni. Tangu hapo nimeipita njia hiyo mara nyingi, peke yangu na kwa kusindikiza majirani, na haya ninayoyaandika nimeyapima kwa miguu yangu.

Nianze na swali ambalo kila mgeni huuliza: kwa nini treni isiende moja kwa moja uwanja wa ndege? Jibu liko kwenye historia. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, walitaka mali ya bara ifike melini, ndiyo maana reli ikaanzia bandarini, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Ndege ya abiria haikuwamo katika mawazo ya mtu yeyote. Uwanja wa ndege ulikuja baadaye sana, ukawekwa nje ya mji, penye ardhi tambarare ya kutosha njia ya kurukia. Mji ukaufuata, ukaumeza, ukaupita hadi Gongo la Mboto na Chanika. Reli mpya ya SGR nayo, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata, imefuata ushoroba ule ule wa zamani, ikaishia pale pale karibu na bandari. Ukikaa dirishani wakati treni inaingia mjini utaziona ndege zikishuka. Unaupita uwanja unaoutaka, unapelekwa hadi mwisho wa mji, kisha unarudi ulikotoka.

Abiria wa TAZARA ana nafuu. Reli ile ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, wakati mji ulikuwa umeshaanza kutanuka, na stesheni yake ikawekwa penye makutano ya barabara ya Nyerere na ya Mandela. Anayetoka Mbeya kwa treni akivuka barabara tu, ameshamaliza nusu ya njia ya kwenda uwanjani. Wenzetu wa Nairobi nao stesheni yao ya SGR iko Syokimau, jirani kabisa na uwanja wa Jomo Kenyatta, lakini hata huko reli haifiki mlangoni mwa ndege; unateremka, unatafuta gari.

Basi tuseme umefika Stesheni. Utakaposhuka kwenye jengo lile kubwa la vioo, watu wa teksi watakuita kila upande, na kama una mtoto mdogo, mgonjwa, au mabegi matatu, nenda nao, au ita gari kwa simu, wala usione kwamba umetupa pesa. Ila mkubaliane bei kabla begi halijaingia kwenye buti. Mwenye begi moja la magurudumu na mkoba ana njia nyingine, na kwa saa nyingi za mchana ni njia ya kutegemewa kuliko watu wanavyoisema.

Njia hiyo ni daladala. Usipande gari la kwanza litakalopita mbele ya Stesheni limejaa. Tembea taratibu hadi Mnazi Mmoja, au upande wa Gerezani, mahali magari yanapoanzia safari. Soma kibao cha mbele: Gongo la Mboto, Pugu, Chanika. Yote hayo hupita barabara ya Nyerere na hupita uwanja wa ndege. Ukipandia mwanzo wa safari unapata siti, na siti ndiyo kila kitu kwa mtu mwenye begi. Mimi hutafuta ile ya mbele pembeni ya dereva, au ya nyuma kabisa kwenye kona, begi nikaliweka mbele ya magoti. Konda akisema begi linachukua nafasi ya mtu, lipie nafasi hiyo bila ubishi. Nauli ya mtu mmoja haifiki shilingi 1,000. Hata ukilipa ya watu wawili, bado umebaki na pesa ya chakula cha safari.

Siku ile ya Jumamosi nilimuuliza konda mmoja, kijana mwembamba mwenye sauti iliyokauka, "Mwanangu, uwanja wa ndege mnafika saa ngapi?"

"Mama, inategemea unataka kufika na nani. Asubuhi hii nakufikisha upesi. Jioni tutakwenda na mji mzima."

Nimelirudia jibu lile kwa kila ninayemsindikiza, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo somo lote la njia hii. Asubuhi, Dar es Salaam inamiminika kuingia mjini: kutoka Gongo la Mboto, Ukonga na Kitunda, watu wanakuja kazini. Wewe unayetoka mjini kwenda uwanjani unakwenda kinyume nao, upande wako barabara ni nyeupe. Jioni mkondo unageuka, na wewe unakuwa ndani yake. Asubuhi ile ya Jumamosi nilitumia dakika 34 tangu gari lilipoondoka Mnazi Mmoja. Jumatano moja, saa kumi na moja na nusu jioni, gari la njia hiyo hiyo lilinichukua saa moja na dakika 50. Kilomita hazikuongezeka hata moja.

Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa Septemba 2018, limesaidia sana. Wanaokumbuka foleni ya makutano yale kabla yake wanajua ninachosema. Lakini daraja haliondoi magari, linayapitisha tu hadi kwenye kizuizi kinachofuata. Matumaini yangu makubwa yako kwenye njia ya mabasi yaendayo haraka, awamu ya tatu, kilomita zipatazo 23, inayotoka Gongo la Mboto kuja mjini kwa barabara hii hii. Nimeviangalia vituo vyake katikati ya barabara, tena kwa hamu. Basi lenye njia yake peke yake halijali kama ni asubuhi au jioni. Ninaomba kwa moyo wote wanaoipanga huduma hiyo wamfikirie na mtu mwenye begi: nafasi ya kuliweka, mlango mpana, na kibao kinachoonyesha wapi pa kushukia kwa ajili ya ndege.

Kwa sababu kushuka nako kuna mambo yake. Baada ya TAZARA utapita Jet na Kipawa. Mwambie konda mapema, "Nishushe uwanja wa ndege," usingoje aite. Kabla ya kushuka uwe unajua unakwenda jengo gani. Jengo la pili, lile la zamani lililofunguliwa miaka ya 1980, kwa kawaida ni la safari za ndani: Mwanza, Kilimanjaro, Mbeya. Jengo la tatu, lililozinduliwa Agosti 2019, ni la safari za nje. La kwanza, la ndege ndogo, liko peke yake mbali na hayo mawili. Kutoka barabarani hadi jengo la pili mtu mzima anatembea. Hadi jengo la tatu ni mbali zaidi, jua la saa saba linachoma, na njia hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayekokota begi. Chukua bajaji. Nilimwona mzee mmoja amebeba sanduku kichwani, kanzu imelowa jasho mgongo mzima, anakwenda kuingia ndege ya saa nyingi akiwa katika hali ile. Hilo linanikera kuliko foleni. Uwanja wenye uwezo wa kupokea mamilioni ya abiria kwa mwaka unastahili njia ya miguu yenye kivuli kutoka kwenye kituo cha daladala.

Kuna waliowahi kuniambia nishukie Pugu. Treni ya kawaida ya SGR husimama Pugu. Ya haraka, ile mchongoko, haisimami. Hoja yao ni kwamba Pugu iko upande wa pili wa uwanja, kwa hiyo unaukwepa mji wote. Nilijaribu. Kutoka stesheni nilichukua bodaboda hadi barabara kubwa, halafu daladala la kurudi mjini. Mchana palikuwa shwari kabisa, nikaokoa muda mwingi. Lakini kwa treni inayofika asubuhi ungejikuta ndani ya ule mkondo wa waendao kazini, na begi kubwa juu ya bodaboda ni hatari ambayo mimi siiruhusu kwa mtu ninayempenda. Ipo pia treni ya mjini, ile ya Pugu, inayopita kwenye reli ya zamani kwa Buguruni, Vingunguti na Karakata. Ni msaada mkubwa kwa wafanyakazi, na ratiba yake ni ya wafanyakazi: asubuhi na jioni. Msafiri wa ndege asiitegemee.

Usiku sahau yote niliyosema kuhusu daladala. Ukifika kwa treni ya usiku na ndege yako ni ya alfajiri, panda teksi ya Stesheni au ya kuita kwa simu, nenda moja kwa moja, ukapumzike uwanjani penye taa na walinzi.

Majirani wangu wa Dodoma sasa huniletea tiketi zao niwapigie hesabu, na mimi huhesabu kutoka mwisho kuja mwanzo. Juzi alikuja mama mmoja, ndege yake ya nje inaruka saa mbili usiku. Mashirika mengi hufunga kaunta saa nzima kabla ya kuruka, kwa hiyo saa moja ni mlango uliofungwa. Anatakiwa awepo saa tatu kabla, yaani saa kumi na moja jioni. Njia nampa saa mbili, hata kama nusu saa ingetosha, kwa sababu inaweza kuwa Ijumaa na inaweza kunyesha. Tumefika saa tisa. Kushuka kwenye treni, kutoka nje, kutembea hadi kwenye gari na kungoja lijae, nampa saa nyingine: saa nane. Juu yake naongeza saa mbili kwa ajili ya treni yenyewe, maana nayo ni chombo, umeme unaweza kukatika njiani. Kwa hiyo treni yake iwe imefika Dar es Salaam saa sita mchana. Hapo mama yule alinitazama akasema, "Mwalimu, si nitakaa pale uwanjani mpaka nichoke?" Nikamwambia ndiyo, akae mpaka achoke, achukue na mkeka.

Mdogo wangu alirudi likizo iliyofuata. Siku ya kuondoka tulipanda treni ya alfajiri, tukashuka Stesheni asubuhi, tukatembea hadi Mnazi Mmoja polepole kwa sababu goti langu la kushoto linasumbua. Alipata siti ya mbele. Mimi nilikaa nyuma yake na mfuko wa mlenda. Kwenye daraja la Mfugale aligeuka akanitazama, hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Tulifika saa tano kasorobo. Ndege yake ilikuwa ya jioni. Tukanunua mihogo ya kukaanga kando ya barabara, tukala tukiwa tumekaa juu ya begi, akanisimulia mambo ya Maskati ambayo likizo nzima hakuwahi kupata nafasi ya kuyasema. Saa nane nilimpakia bajaji hadi jengo la tatu, nikapanda naye mpaka mlangoni, walinzi wakamwingiza.

Nilirudi barabarani kwa miguu, nikavuka, nikasimama upande wa magari ya kuingia mjini. Treni yangu ya kurudi Dodoma ilikuwa ya jioni, na konda wa kwanza aliyesimama alikuwa anaita Mnazi Mmoja.