Namba Saba na Vitabu Vyake

"Mjomba, kompyuta ya maktaba inajuaje kwamba Kusadikika na Adili na Nduguze vimeandikwa na mtu mmoja?"

Swali zuri hilo, mpwa wangu. Zuri kweli! Watu wazima wengi hubofya jina la Shaaban Robert kwenye tovuti ya maktaba, vitabu vyake vikajipanga mbele yao, wala wasijiulize vimekusanywaje. Wewe umejiuliza. Sogea karibu.

Ndani ya kompyuta ile kuna kanzidata. Ndani ya kanzidata kuna majedwali. Jedwali la kwanza ni la waandishi. Kila mwandishi ana mstari wake, na kila mstari una namba yake. Tuseme Euphrase Kezilahabi amepewa namba 4. Tuseme Shaaban Robert amepewa namba 7. Jedwali la pili ni la vitabu. Humo mna Kusadikika, mna Kufikirika, mna Utubora Mkulima, mna Rosa Mistika. Sasa tazama mstari wa Kusadikika, pale mahali pa mwandishi. Ulitegemea kuona jina. Jina halipo. Ipo 7.

"Saba tu, Mjomba?"

Saba tu. Hebu tumwache ajieleze mwenyewe.

"Mimi ni Namba Saba. Mimi si Shaaban Robert. Sijaandika hata shairi moja. Kazi yangu ni moja. Ukinikuta kwenye mstari wa kitabu, nakwambia: nenda jedwali la waandishi, tafuta mstari wenye namba kama yangu. Jina liko huko. Nimo kwenye mstari wa Kusadikika. Nimo kwenye mstari wa Kufikirika. Nimo kwenye mstari wa Utubora Mkulima. Kwenye Rosa Mistika simo. Hapo yumo mwenzangu, Namba Nne."

"Lakini kwa nini tusiandike jina lenyewe tukamaliza?"

Ndiyo maana nakupenda, hukubali jambo kabla hujalielewa. Tuseme mkutubi wa Jumatatu ameandika Shaaban Robert. Wa Jumanne akaandika Shaban Robert. Wa Jumatano akaandika S. Robert. Wewe unajua ni mtu yule yule. Kompyuta haijui. Kompyuta inaona watu watatu, na anayemtafuta mmoja atavikosa vitabu vya wale wawili. Jina likiandikwa mahali pamoja tu, likikosewa linasahihishwa mara moja, na vitabu vyote vinapata jina sahihi papo hapo. Namba Saba hana haja ya kubadilika.

Wazo hili la kuyaunganisha majedwali kwa vitu vilivyoandikwa ndani yake lilitolewa na Edgar F. Codd mwaka 1970. Alikuwa Mwingereza, akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California. Kanzidata nyingi unazozigusa leo bila kujua, za shule, za hospitali, za benki, bado zinafuata wazo lake.

"Na mbona namba inakaa upande wa kitabu? Kwa nini mwandishi asiwe na orodha ya vitabu vyake?"

Hesabu, utaona. Kusadikika kina mwandishi mmoja. Nafasi moja inamtosha. Shaaban Robert ana vitabu vingapi? Vingi. Mstari wake ungehitaji nafasi ngapi? Kumi? Ishirini? Na mwandishi mwenye kitabu kimoja nafasi zake zibaki tupu? Kwa hiyo namba hukaa upande wa walio wengi. Vitabu ni vingi, basi kila kitabu kinabeba namba ya mwandishi wake.

Sasa, watu wanaotengeneza tovuti hawapendi kuzungumza na kanzidata moja kwa moja kila saa. Wanatumia fremuweki, yaani programu iliyokwisha kuandaliwa ili kazi za kila siku za tovuti ziwe nyepesi. Mimi nitakueleza ile inayoitwa Django. Waliianza Adrian Holovaty na Simon Willison mwaka 2003, wakiwa kwenye gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, Marekani. Gazetini kazi inatakiwa leo, si wiki ijayo, kwa hiyo walihitaji kitu cha kuwaharakisha. Mwaka 2005 ikatolewa bure kwa kila mtu. Jina lake ni la mpiga gitaa, Django Reinhardt.

Ndani ya Django, jedwali linaelezwa kwa kitu kiitwacho modeli. Unaandika modeli ya Mwandishi. Unaandika modeli ya Kitabu. Ndani ya Kitabu unasema kwamba mwandishi ni ForeignKey kwenda kwa Mwandishi. Basi. Django inatengeneza safu iitwayo mwandishi_id, na humo ndimo anamokaa Namba Saba.

Kuanzia hapo, unauliza kwa nukta. Ukiandika kitabu.mwandishi.jina, unapata jina. Ukitaka kwenda kinyume, kutoka kwa mwandishi hadi vitabu vyake, unaandika mwandishi.kitabu_set.all(). Na ukitaka kuchuja vitabu kwa jina la mwandishi, unaandika Kitabu.objects.filter(mwandishi__jina="Shaaban Robert"). Umeona ile mistari miwili ya chini katikati ya mwandishi na jina? Hiyo inasema: vuka uende jedwali la pili, ukalitazame jina huko. Django inayageuza maneno hayo kuwa SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, halafu inapeleka swali.

"Na mtu akimfuta mwandishi, Namba Saba atamwelekeza mtu wapi?"

Loo! Swali hilo wahandisi wenyewe walilazimishwa kulijibu. Tangu Django 2.0, iliyotoka Desemba 2017, huwezi kuandika ForeignKey bila kusema mwandishi akifutwa vitabu vifanywe nini. Ukiandika CASCADE, mwandishi akifutwa na vitabu vyake vyote vinafutwa. Ukiandika SET_NULL, vitabu vinabaki bila mwandishi, mradi umeruhusu nafasi ile iwe tupu. Ukiandika PROTECT, Django inakataa: huyu ana vitabu hapa, hafutiki. Kwa maktaba mimi nataka PROTECT, na nakusihi na wewe uichague. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962 na bado tunamsoma. Kidole kilichoteleza kwenye kitufe kisiweze kumwondoa.

Sasa tufike kwenye jambo linalowatesa hata wakubwa. Sikiliza kisa.

Mama alikuwa anapika pilau. Akamwita mtoto. "Nenda dukani, ulete chumvi." Mtoto akaenda, akarudi. "Haya, nenda ulete vitunguu." Akaenda, akarudi. "Na binzari je?" Akaenda, akarudi. "Na kitunguu saumu." Akaenda, akarudi. Chumvi nyepesi. Binzari nyepesi. Hakuna mzigo uliomlemea. Kilichomchosha ni nini?

"Kwenda na kurudi!"

Kwenda na kurudi, mpwa wangu. Na tovuti nyingi zinachelewa kufunguka kwa sababu hiyo hiyo. Unataka ukurasa wenye vitabu 100, na kando ya kila kitabu jina la mwandishi. Django inatumwa mara ya kwanza, inaleta vitabu vyote 100. Vizuri. Kisha ukurasa unaanza kuandikwa. Kitabu cha kwanza kina Namba Saba, jina halipo. Ile nukta yako inaituma Django. Inakwenda, inarudi. Kitabu cha pili nacho kina Namba Saba. Inakwenda tena, inarudi! Jina lile lile, lakini haikumbuki kwamba imelileta sasa hivi kwa ajili ya kitabu kingine. Cha tatu kina Namba Nne. Inakwenda, inarudi. Mpaka ukurasa uishe, imetumwa mara ngapi?

"Mara 101."

Hasa. Mara moja kwa vitabu, mara 100 kwa waandishi. Wahandisi wanaliita tatizo la N+1. Ubaya wake ni kwamba linajificha. Unapojaribu tovuti yako nyumbani ukiwa na vitabu vitano, Django inatumwa mara sita tu, huhisi chochote. Siku maktaba nzima inapoingizwa ndipo wasomaji wanakaa kusubiri, na wewe unalaumu mtandao.

Wala usiilaumu Django. Imeagizwa vitabu, ikaleta vitabu. Haikujua kama utawahitaji waandishi. Kama ukurasa ungekuwa na majina ya vitabu peke yake, kuwaleta waandishi kungekuwa kazi bure. Dawa ni kuagiza mapema unachojua utakihitaji. Andika Kitabu.objects.select_related("mwandishi"). Maana yake: lete vitabu, na kando ya kila kitabu weka mstari wa mwandishi wake. Kanzidata inayaunganisha majedwali yenyewe na kujibu kwa pamoja. Mara 101 zimekuwa mara moja.

"Na nikitaka waandishi, kila mmoja na vitabu vyake?"

Umegeuza upande, na upande huu select_related haifai, kwa sababu mwandishi mmoja ana vitabu vingi. Hapa tunatumia prefetch_related, iliyoingia Django 1.4 mwaka 2012. Inatuma mara mbili. Kwanza: lete waandishi. Pili: lete vitabu vyote vyenye namba za waandishi hawa. Kisha Django yenyewe inaketi na kugawa, hivi vya Namba Nne, hivi vya Namba Saba. Waandishi wawe kumi au mia tano, ni mara mbili tu. Mimi naiona nzuri mno hiyo.

Na kuna vitabu ambavyo nafasi moja ya mwandishi haivitoshi. Tamthilia ya Harakati za Ukombozi iliandikwa na Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Wanawake watatu, kitabu kimoja. Utamwandika nani na kumwacha nani? Hakuna wa kuachwa. Unaiondoa ile ForeignKey, unaweka ManyToManyField, na Django inatengeneza jedwali la tatu, la jozi tupu: kitabu hiki na mwandishi huyu, kitabu hiki na mwandishi yule. Tamthilia hiyo itakuwa na mistari mitatu humo. Kusadikika kitakuwa na mmoja. Hapa pia agiza kwa prefetch_related.

"Nitajuaje kama ukurasa wangu unaituma Django mara nyingi?"

Hesabu. Usikisie. Django ina kipimo cha kuwekwa ndani ya majaribio, kinaitwa assertNumQueries. Unakiambia: ukurasa huu usizidi wala usipungue maswali mawili. Siku mtu akiongeza nukta moja ukurasani na maswali yakawa 102, jaribio linakataa kupita kabla msomaji hajachelewa hata dakika. Kiweke kwenye ukurasa wa vitabu kwanza, kisha kwenye ukurasa wa waandishi, halafu uje unionyeshe namba ulizopata.