Kenya mbili, gitare moja: njia ndefu ya wimbo "Masanga"

Lubumbashi – Hapa Lubumbashi, mutu akisema anaenda Kenya, hakuna anayemuuliza pasipoti. Kenya ni moja kati ya komine saba za muji, ile yenye uwanja wa mupira wa Kibassa Maliba. Lakini kulikuwa wakati ambapo gitare ya Katanga iliunganisha Kenya hii na Kenya ile ingine, inchi ya Nairobi. Wimbo uliofungua njia hiyo unaitwa "Masanga". Aliyeupiga alikuwa kijana wa miaka 22 tu.

Uliza mupenzi wa rock ni wimbo gani kila anayeanza gitare anataka kujua. Mara nyingi atakujibu "Smoke on the Water" wa kikundi cha Waingereza Deep Purple, uliotungwa kisha kasino ya Montreux, inchini Uswisi, kuungua mwezi wa 12 mwaka 1971. Katanga ilikuwa na kipimo chake karibu miaka 20 mbele ya moto ule. Hakukuwa umeme, hakukuwa batri ya ngoma. Kulikuwa gitare moja ya mbao na vidole viwili vya mukono wa kuume.

Kijana wa Bunkeya

Mwenda Jean-Bosco, aliyejulikana baadaye kama Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, muji wa kifalme wa Bayeke. Ni kule ambako Mwami M'siri aliuawa mwaka 1891 na wajumbe waliotumwa kwa ajili ya mufalme Leopold II. Wakati wa ujana wake Mwenda alikuwa Jadotville, muji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Likasi.

Hapo ndipo Hugh Tracey alikutana naye mwaka 1952. Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, alizunguka inchi nyingi na mashini ya kurekodi, akitafuta muziki wa vijiji na wa miji. Nyimbo za Mwenda zilitoka kwa diski za Gallotone na zikaanza kutembea. Shirika la African Music Society liliipa "Masanga" zawadi ya wimbo bora wa Afrika wa mwaka ule.

Ni nini kilishangaza watu? Kidole gumba kinashika besi na kutembea kwa mwendo wake. Kidole cha shahada kinaimba juu yake, kwa mwendo mwingine. Anayesikiliza bila kuona anafikiri wapigaji ni wawili. Tena, Mwenda hakuwa na "Masanga" moja tu: kila mara alipoupiga, alibadilisha kitu. Mutafiti David Rycroft, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha London, aliandika muziki huo noti kwa noti katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Alichunguza hasa namna Mwenda alivyokuwa akitunga papo hapo, vidole vikiwa tayari kwa nyuzi.

Sauti ya kambi za shaba

Gitare haikuzaliwa Katanga, lakini Katanga iliipa kazi. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville mwaka 1910. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda na Burundi, Angola na Rhodesia ya Kaskazini. Watu wenye lugha nyingi ndani ya kambi moja walihitaji lugha moja ya kusikilizana, na Kiswahili kikawa lugha hiyo.

Gitare nayo ilifaa maisha yale. Mutu mumoja aliweza kuibeba kwa treni, na jioni ya siku ya mushahara aliweza kufurahisha kiwanja kizima bila kuita orchestre. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, kile kinachosemwa sokoni na nyumbani. Kwa hiyo nyimbo zake hazikuhitaji mutafsiri zilipofika mashariki.

Kutoka komine mpaka inchi

Hapa ndipo komine ya Kenya inaingia katika hadisi. Wakati wa ukoloni, Wabelji walitenganisha muji wa wazungu na mitaa ya weusi, na Kenya ilikuwa moja ya mitaa hiyo. Kutoka humo kulitokea kikundi cha vijana wenye kuimba, kucheza na kuchekesha watu: Jecoke, jina lililofupishwa la Jeunes Comiques de la Kenya. Kati ya waliorekodi pamoja na kikundi hicho alikuwa Edouard Masengo, ndugu ya Mwenda kwa ukoo, ambaye naye alikuwa fundi wa gitare.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, wote wawili walifika Nairobi. Mwenda alikaa kule kwa miezi fulani, akasikika kwa redio, na gitare yake ikatumiwa katika matangazo ya dawa ya Aspro. Vijana wa Kenya walisikia, wakajaribu. Magharibi ya inchi ile, kati ya Waluhya, wapigaji kama George Mukabi walikuza upigaji wa vidole ambao uko karibu sana na ule wa Katanga, lakini wenye ladha yao wenyewe. Mupaka haukuzuia kitu, kwa sababu sikio halina mupaka.

Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kupiga katika festivali ya Newport, Marekani. Hata hivyo hakuishi kwa gitare peke yake. Alifanya kazi ya banki, na nyumbani wengi walimujua kama mutu wa kazi kabla ya kumujua kama nyota.

Nini kinabaki?

Miaka ya 1970, ng'ambo ya Kasumbalesa, watoto wa miji ya shaba ya Zambia walishika gitare ya umeme. Kikundi WITCH cha Kitwe kilipiga rock nzito ambayo leo inatafutwa Ulaya na Marekani kwa jina la Zamrock. Muziki huo haukutoka kwa "Masanga". Vijana wale walisikiliza zaidi Waingereza na Wamarekani. Lakini udongo ni ule ule: migodi, mushahara, wageni wengi katika muji mumoja, na kiu ya kusikia sauti mupya.

Tofauti iko kwa namna ya kurizisha. Rock ilibaki kwa diski, na kila anayetaka anaiiga kama ilivyo. "Masanga" ulipita kwa mukono. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mupiga gitare Mwingereza John Low alisafiri mpaka huku, wakati jimbo likiitwa Shaba, ili kukaa karibu na Mwenda na wenzake na kujifunza kwa kutazama vidole vyao. Aliandika safari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1982. Diski hazikumutosha, na hiyo inasema mengi.

Mwenda alirekodi tena Cape Town mwaka 1988. Miaka miwili kisha, mwaka 1990, alikufa katika aksida ya gari inchini Zambia.

Leo rekodi ambazo Tracey alikusanya zinachungwa Makhanda, Afrika ya Kusini, katika International Library of African Music, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Zimechungwa vizuri, na kijana wa Kenya mwenye simu na megabaiti anaweza kusikia "Masanga" bila kuondoka kwenye parsela yao. Lakini kusikia si kupiga. Wimbo ambao mwenyewe aliubadilisha kila mara hauwezi kuishi ndani ya rekodi moja ya mwaka 1952.

Mwingereza alivuka bahari ili afundishwe vidole viwili. Kwa Lubumbashi safari ni fupi zaidi: muzee anayejua bado, kijana anayetaka, gitare moja kati yao, na jioni ya kutosha.