Tuzipime kadi za grafiki kwa sifa na utendi, si kwa majina

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Katika biashara ya tarakilishi, hata hivyo, kizuri na kibaya huweza kuuzwa kwa jina moja, ndani ya makasha yanayofanana kama shilingi kwa ya pili. Walimu na wanafunzi wa Kwale, kuanzia Matuga hadi Lunga Lunga, wanastahili kulifahamu jambo hili kabla ya fedha za shule zao kutoka. Nalijadili nikiwa mwanaisimu, maadamu naliona kuwa suala la lugha kabla halijawa suala la nyaya na umeme.

Kadi ya grafiki ni kibao kilichomo ndani ya tarakilishi, ambacho kazi yake ni kukokotoa picha ionekanayo kwenye skrini. Kina kichakata chake, kumbukumbu yake na, aghalabu, feni yake. Mwalimu wa Msambweni anayechapa mitihani au kuwaonyesha wanafunzi filamu ya somo la sayansi hana haja ya kuinunua. Grafiki iliyomo katika kichakata kikuu yamtosha. Anayeihitaji ni yule anayesanifu majengo, anayehariri filamu za arusi kule Diani, au anayebuni vibonzo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, una mkondo wa sayansi na teknolojia na mkondo wa sanaa katika sekondari ya juu. Yamkini, basi, shule nyingi zitajikuta sokoni.

Huko zitakutana kwanza na majina. Tuchukue mfano wa GeForce GT 1030 ya kampuni ya Nvidia. Mwaka 2017 kadi hii ilitolewa ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5, iwezayo kupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaja nyingine yenye jina lilo hilo, gigabaiti 2 zile zile na vitengo 384 vile vile vya ukokotoaji, ila kumbukumbu yake ni ya aina ya DDR4, ipitishayo gigabaiti 16.8 tu kwa sekunde. Katika michezo mingi ya tarakilishi, hii ya pili hutoa karibu nusu tu ya picha zinazotolewa na ya kwanza kwa muda ule ule. Wanaisimu tunaliita neno la namna hii homonimu. Tukisema "kaa", muktadha humwonyesha msikilizaji kama tunamtaja yule wa baharini, lile la moto, au tunamwamuru aketi. Kasha la dukani halina muktadha. Lina jina na bei.

Mwaka 2022 kampuni iyo hiyo ilitangaza kadi mbili kwa jina la RTX 4080, moja ya gigabaiti 12 na nyingine ya 16. Mnunuzi angedhani zimepishana kwa kumbukumbu pekee, kumbe ndogo ilikuwa na vitengo 7,680 na kubwa 9,728. Malalamiko yalipozidi, mwezi wa Oktoba kampuni iliiondoa ile ndogo, ikakiri kwamba haikupewa jina sahihi. Januari 2023 ikarejea ikiitwa RTX 4070 Ti.

Kwa hivyo hatuna budi kusoma sifa zenyewe, nasi watu wa pwani ya kusini tuna mfano wa kutusaidia. Kiasi cha kumbukumbu ni kama uwanja wa kungojea feri pale Likoni. Kasi ya kumbukumbu ni kama feri zinazovuka. Uwanja ukiwa mdogo, magari hukosa pa kusimama. Lakini hata ukipanuliwa ubebe magari elfu, feri ikiwa moja foleni haipungui. GT 730 ya mwaka 2014 yenye kumbukumbu ya DDR3 haizidi gigabaiti 28.8 kwa sekunde. GTX 1650 ya mwaka 2019 yenye GDDR5 hufikia 128. Zote mbili zimeuzwa zikiwa na gigabaiti 4, na kwenye mitumba hiyo 4 ndiyo itakayotajwa kwanza.

Hata sifa, hata hivyo, si mwisho wa hesabu. Mwaka 1965 Noam Chomsky alitofautisha umilisi, yaani maarifa ya lugha aliyo nayo msemaji akilini, na utendi, yaani jinsi anavyoyatumia katika hali halisi. Sifa zilizoandikwa kwenye kasha ni mithili ya umilisi. Utendi sharti upimwe. Kadi mbili zilinganishwe katika tarakilishi moja, kwa programu moja na kazi moja, na muda uhesabiwe. Zifanyishwe kazi nusu saa nzima, kwa kuwa kadi ikipata joto hupunguza kasi ili isiungue, na joto la kaskazi twalijua. Wala tusilinganishe idadi ya vitengo vya Nvidia na vya AMD, kwani havikuundwa kwa namna moja. Neno "nimekupikia" ni moja, nalo hubeba maana inayohitaji maneno matano kwa Kiingereza. Nani atasema Kiswahili kina upungufu kwa sababu ya hesabu hiyo?

Kuna na suala la umeme. Tundu la ubao mkuu ambamo kadi huchomekwa hutoa wati zisizozidi 75. Tarakilishi nyingi za mitumba zilizotoka maofisini hazina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa, na baadhi ni nyembamba hata kadi haiingii. Kununua kadi ya wati 200 kwa tarakilishi ya aina hiyo ni kutupa fedha.

Mwalimu anayezungumzishwa kwa istilahi asizozielewa hutia sahihi kwa haya, na hasara huwa ya wanafunzi. Hapana udhuru kwamba Kiswahili hakiyawezi mambo haya. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Kinachokosekana ni sisi kuzifundisha istilahi hizo darasani, ziwe silaha ya mnunuzi.

Nashauri kila shule imuulize mwuzaji maswali manne: kumbukumbu ni ya aina gani? Hupitisha gigabaiti ngapi kwa sekunde? Kadi yahitaji wati ngapi? Na kazi yetu hii itachukua dakika ngapi? Asiyeweza kuyajibu kwa maandishi asikabidhiwe fedha za watoto wa watu.