Breki ya Mkono ya Pikapu Isiyoshika (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia breki ya mguu, ambayo nguvu yake husafiri kwa mafuta. Leo tuitazame ile ya mkono, ambayo, kwa kuwa hutegemea waya wa chuma mtupu, ndiyo akiba ya dereva siku mafuta yakivuja, na ndiyo dhamana ya kila apitaye nyuma ya pikapu iliyosheheni ikingoja kivuko mteremkoni Likoni.

Watu wengi, na baadhi ya mafundi miongoni mwao, wakiona mkono umepanda hata mwisho na gari lingali linateleza, hukimbilia nati ya kukazia waya. Na hapo, kwa rai yangu, ndipo madhara yanapoanzia. Katika pikapu kama Toyota Hilux yenye dramu nyuma, shuu zikiliwa huwa mbali na dramu, na kuukaza waya hakuzirudishii unene wake. Huziacha zimevutwa nusu hata mkono ukiwa chini, zisiweze kurejea kituoni, zikasugua safari nzima, zikapata moto na kuisha upesi kuliko awali.

Taratibu iliyo sahihi huanzia gurudumuni. Gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu ya mbele yatiwe kabari, nyuma inyanyuliwe na kukalishwa juu ya stendi madhubuti, kwani jeki peke yake haiaminiki kwa roho ya mtu. Kisha mkono uvutwe kidogo kidogo, na mtu mwingine ayazungushe magurudumu. Likikaza moja na la pili likazunguka, kasoro i katika waya wa upande wa lile linalozunguka au ndani ya dramu yake. Waya huota kutu ndani ya ala, hasa kwetu pwani penye hewa ya chumvi. Ukishakwama, na ubadilishwe. Mkono ushushwe na dramu zifunguliwe. Shuu zikionekana zimelowa mafuta, chanzo kitafutwe kwanza, ama silinda ya gurudumu ama sili ya ekseli, la sivyo hata mpya zitaharibika vilevile. Vumbi la ndani lisipulizwe kamwe, maana lainingi nyingi za shuu za zamani zina asbestosi, iletayo maradhi mabaya ya mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji.

Shuu zikiwa nzima na kavu, nyota ya kurekebishia shuu izungushwe mpaka gurudumu likaze, kisha irudishwe hata lizunguke huru. Baada ya hayo ndipo waya ukazwe, kiasi cha kuondoa ulegevu tu, na gari lijaribiwe mlimani likiwa na mzigo, dereva akiwa ndani. Sehemu ya tatu itahusu breki ya mkono inayoshika ikakataa kuachia.