Shule ya Kutayarisha Wanafunzi kwa Chuo Kikuu

Mzazi wa Munje mwenye mtoto hodari huenda akadhani kwamba Aga Khan Academy ya Mombasa ni ya watoto wa matajiri tu. Yafaa ajue mambo yalivyo.

Shule hiyo ya binafsi ilifunguliwa mtaa wa Kizingo mwaka wa 2003. Asili yake ni ya zamani zaidi, kwani shule ya kwanza ya Aga Khan katika Afrika ya Mashariki ilianzishwa Unguja mwaka wa 1905.

Masomo yake hufuata mpango wa International Baccalaureate, ulioanzishwa Geneva mwaka wa 1968. Katika miaka miwili ya mwisho mwanafunzi husoma masomo sita, huandika insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na hutakiwa kuwatumikia watu. Cheti chake hutambuliwa na vyuo vikuu vya nchi nyingi.

Wanafunzi wengine hurudi kwao jioni. Walio mbali, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, waweza kulala bwenini. Karo ni kubwa, lakini msaada hutolewa kwa kadiri ya uwezo wa mzazi, na watoto hodari wa shule za serikali za Pwani wamepata kuchaguliwa na kulipiwa.

Basi mzazi asimvunje mtoto moyo kabla ya kuuliza.