Begi la Kariakoo Liendalo Guangzhou

Miongoni mwa safari za Asia zinazofanywa na wakazi wa Dar es Salaam, ile ya mfanyabiashara wa Kariakoo kwenda Guangzhou, jiji kubwa la biashara kusini mwa China, ndiyo inayodai hesabu kali zaidi katika kufunga begi, kwa kuwa begi hilo hilo huondoka na nguo na kurudi na biashara.

Katika lugha ya sokoni, mzigo ni bidhaa za jumla zinazosafirishwa kwa meli ndani ya kontena, ambalo mara nyingi wafanyabiashara kadhaa hulichangia, kila mmoja akilipia nafasi yake kwa mita za ujazo, yaani urefu mara upana mara kimo cha maboksi yake. Mzigo huo huchukua wiki kadhaa baharini. Begi la ndege hubeba sampuli: kiatu cha mguu mmoja, kipande cha kitambaa kilichokatwa kwenye jora, kitasa, kava la simu. Vitu hivyo vidogo vina thamani kubwa, kwani kwavyo mwenye duka wa Mtaa wa Congo, huko Kariakoo, huchukua oda za wateja wa mikoani kabla meli haijatia nanga, na kontena likifunguliwa huulinganisha mshono wa kiatu kilichofika na ule wa kiatu alichochagua mwenyewe, akajua kama kiwanda kimetimiza makubaliano.

Tiketi nyingi za daraja la kawaida katika njia hiyo huruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, na kwa hiyo msafiri mwenye uzoefu huondoka na begi moja lililojaa nusu, huku chini yake kukiwa na shangazi kaja, ule mfuko mkubwa wa miraba wenye zipu, uliokunjwa bapa ili uwe begi la pili wakati wa kurudi. Nguo chache nyepesi zinazokauka upesi zinatosha, maana Guangzhou ina joto na unyevunyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mvua hunyesha sana kuanzia Aprili, mwezi ambao hufunguliwa awamu ya kwanza ya mwaka ya Maonyesho ya Canton, maonyesho ya biashara ya jiji hilo yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo hufanyika tena kila Oktoba. Anayepanga kufika Yiwu, mji wa soko kubwa la bidhaa ndogondogo, mwezi Januari, abebe koti zito bila kusita.

Jambo linalostahili uangalifu mkubwa zaidi ni pawabenki, yaani betri ya akiba ya kuchajia simu. Haipakiwi kamwe katika begi la chini ya ndege, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto humo ni vigumu kuuzima. Hubebwa mkononi, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, kipimo cha nishati kinachopatikana kwa kuzidisha mAh kwa volti kisha kugawanya kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 74, hivyo inaruhusiwa. Hata hivyo, tangu tarehe 28 Juni 2025 safari za ndege za ndani ya China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C, ambayo ni alama ya usalama ya nchi hiyo, na anayeunganisha ndege kwenda miji mingine ataiacha yake uwanjani ikiwa haina alama hiyo.

Soketi za China hupokea pini bapa, si zile tatu nene za Tanzania, hivyo adapta ni ya lazima. Programu ya WeChat iwekwe kwenye simu kabla ya kuondoka, kwani WhatsApp na huduma za Google zimefungwa huko. Fedha taslimu za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000 za Marekani ni lazima zitangazwe forodhani China.

Wakati wa kurudi, bidhaa za kuuza zitangazwe pia forodhani, kwa maana kusafiri ndani ya begi hakuzigeuzi kuwa vitu binafsi. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, ile aliyopewa msafiri madukani iachwe Guangzhou, na sampuli zifungwe ndani ya nguo.