Msaidizi wako ameacha kujiongeza? Angalia meseji zako za usiku

Wauzaji wenzangu, mtu akiwa na mawazo ya nyumbani, kazi uliyomwagiza ataifanya tu. Mzigo atafunga, boda ataita. Kinachokufa kwanza ni kule kujiongeza: kukushtua kwamba saizi fulani imebaki moja, kumfuatilia mteja aliyeuliza bei akapotea, kupiga upya picha ya gauni lisilotoka. Hayo hakuna anayemtuma, yanatoka kwenye akili iliyotulia.

Na biashara ya mtandaoni inaivuruga akili hiyo kirahisi. Duka la mtaani lina kufuli, simu haina. Saa tatu usiku dada analaza mtoto, meseji inaingia: "Mjibu huyu mteja fasta." Kazi imemfuata nyumbani, kesho mambo ya nyumbani yatamfuata kazini.

Kwangu tumekubaliana hivi na dada anayenisaidia:

1. Meseji za kazi mwisho saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo WhatsApp Business inamjibu mteja yenyewe kuwa tutarudi asubuhi.

2. Siku ya kliniki ya mtoto ananiambia mapema, tunafunga oda jana yake.

3. Kunyonyesha siyo hisani. Sheria ya kazi Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Siku hizi ananiambia mzigo gani umekaribia kuisha kabla sijauliza.

Wewe je, meseji ya mwisho kwa msaidizi wako huwa saa ngapi?